Maswali ya Wasomaji: Bunduki Nyepesi kwa Mwindaji wa Milimani

SWALI: Salaam, mzee mwenzangu. Mimi ni mstaafu, naishi Kasulu, na tangu ujana wangu nimewinda kwa leseni katika miombo ya mkoa huu wa Kigoma. Binti yangu ameolewa New Zealand, katika Kisiwa cha Kusini, na mkwe wangu amenialika mwezi Machi mwakani nikawinde naye ayala milimani. Ananiomba nichague bunduki ya bolti, yaani ya komeo linalovutwa kwa mkono, iliyo nyepesi ili aitafute mapema kwa leseni yake. Mimi nimezoea bunduki ya marehemu baba yangu, ya risasi za ukubwa wa .30-06, ambayo ina zaidi ya kilo nne, na magoti yangu hayataki tena mzigo huo kwenye mteremko. Huko dukani anaonyeshwa bunduki za kilo mbili na robo. Je, tuchukue iliyo nyepesi kuliko zote? Na risasi ya ukubwa gani inamfaa mnyama huyo? (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Salaam nawe, mzee mwenzangu, na mpe mkwe wako salamu zangu, kwa kuwa si kila kijana anayemkumbuka baba mkwe kwa mwaliko wa namna hii.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajapata kumwona mnyama huyu, niseme kwanza kwamba ayala, yule tunayemsoma katika Zaburi ya 42, si pongo wala si swala wa kwetu. Pembe za dume zina matawi, naye huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine, jambo ambalo hakuna mnyama wetu wa porini anayelifanya. New Zealand hakuwa wa asili; walowezi walimleta kwa meli kutoka Uingereza kuanzia miaka ya 1850, katika nchi ambayo mnyama wake pekee wa nchi kavu anayenyonyesha alikuwa popo. Hakuna simba wala chui wa kumpunguza, anakula miche ya misitu yao, na ndiyo maana huko mwindaji mwenye kibali hutazamwa kama mtu anayeusaidia msitu. Mwezi Machi na Aprili ndio majira ya madume kunguruma wakitafuta majike, kwa hiyo mkwe wako amekuchagulia wakati mzuri.

Sasa bunduki. Jibu langu ni kwamba msichukue iliyo nyepesi kuliko zote, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo wengi hupoteza fedha na baadaye hupoteza mnyama.

Uzito unaoandikwa kwenye karatasi ya dukani ni wa bunduki tupu. Wewe hutapanda mlima na bunduki tupu. Nilipotaka kujua ukweli wa bunduki yangu mwenyewe, niliiondoa risasi zote, nikaikagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, mara mbili, kisha nikaining'iniza kwenye mizani ya ndoano, ile wanayopimia asali hapa Tabora. Muuzaji aliniambia ni ya kilo 2.9. Mizani ilipotulia, ikiwa na darubini ya kulengea ya gramu 400, vishikio vya darubini, na mkanda, ilisoma kilo 3.5, na nilipoongeza risasi nne, ambazo kila moja ina gramu 25 hivi, nikafika kilo 3.6. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kitakachokuwa begani mwako saa saba mchana. Kwa hiyo mkwe wako asiulize dukani bunduki ina uzito gani. Aulize itakuwa na uzito gani siku ya kuwinda.

Upande wa pili wa jambo hili ni teke. Risasi ikitoka mbele, bunduki hurudi nyuma, na kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi. Hesabu yake haina huruma: risasi ileile ikipigwa katika bunduki ya kilo 4 na kisha katika bunduki ya kilo 2.5, nishati inayofika begani katika ile ya pili inazidi ya kwanza kwa asilimia 60. Mtu wa makamo yetu anaweza kuvumilia teke la namna hiyo mara moja mbele ya mnyama, wala hatalisikia kwa sababu ya msisimko, lakini hatalivumilia mara ishirini katika uwanja wa mazoezi. Akishaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, ile bunduki ya bei kubwa haina tena faida.

Hata hivyo, teke si hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni utulivu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na leseni ya pongo mmoja katika vilima vya upande wa Uvinza, na mkononi nilikuwa na bunduki mpya, .308, ambayo pamoja na kila kitu haikufika kilo 3. Niliipenda wakati wa kupanda. Sikuisikia kabisa begani. Nilipotokeza juu ya ukingo, dume lilikuwa limesimama kando ya korongo, mita kama 120, limeniangalia. Nilipiga goti moja na kulenga huku bado nikihema, na ule msalaba ndani ya darubini ukawa unaruka kufuata mapigo ya moyo wangu, kutoka bega hadi tumboni na kurudi begani. Nikavuta ulipopita begani. Risasi ikaingia tumboni. Mahali alipokuwa amesimama nilikuta damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyokwisha kutafunwa, na kila anayewinda anajua maana yake. Nilimfuata kutoka saa nne asubuhi hadi jua lilipokuwa linazama, jani kwa jani, tone kwa tone, nikamkuta amelala kwenye maji, bado hai. Sijaisahau siku hiyo, na sijainunua tena bunduki isiyo na uzito wa kutosha kutulia mikononi mwa mtu anayehema.

Uzito kidogo, hasa ukiwa upande wa mbele, huituliza bunduki jinsi jiwe linavyolituliza jamvi siku ya upepo. Kwa mtu mzima anayepanda milima kwa miguu yake, mimi naona kati ya kilo 3.2 na 3.6, pamoja na darubini, mkanda na risasi, ndipo mahali pazuri. Ukishuka chini ya kilo 3 unahitaji kuwa mpigaji hodari kuliko wengi wetu tulivyo. Ukipita kilo 4 umerudi kwenye .30-06 ya marehemu.

Kwa majina, ukitaka mfano wa bunduki ninayoizungumzia, ipo Tikka T3x Lite ya Finland, ambayo ikiwa tupu ina kilo 2.9 hivi na inapatikana kwa chuma kisichoshika kutu na kitako cha plastiki ngumu. Ipo pia Winchester Model 70 Featherweight ya Marekani, yenye kilo 3.1 hivi ikiwa tupu, kwa hiyo ikishafungwa kila kitu itazidi kidogo kilo 3.6, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1952 na ina kitako kizuri cha mbao. Zile za kilo 2.3, kama Kimber 84M Montana, ni kazi ya ustadi na sizisemi vibaya. Nasema tu kwamba si za kwako wewe uliyezoea kilo nne. Baina ya mbao na plastiki, chagua plastiki. Wewe unajua mlango wa mbao unavyovimba masika. Kitako cha mbao nacho huvimba, hugusa mtutu pasipotakiwa, na risasi huhama shabaha bila wewe kujua sababu. Milima ya magharibi ya kisiwa hicho hupata mvua nyingi kuliko Kigoma.

Kuhusu risasi, ayala dume hupita kilo 130 bila shida, naye pongo wetu mkubwa ana kilo 80 akizidi sana, kwa hiyo usiende na kitu kidogo mno. Lakini pia huna haja ya makombora ya nyati. Ningechagua 7mm-08 kwanza, ikiwa na risasi ya greni 140, ambazo ni gramu 9 hivi. Ilitolewa na kampuni ya Remington mwaka 1980 kwa kulipunguza mdomo ganda la .308, na teke lake ni pole kidogo kuliko la .308 yenyewe. Ikikosekana, .308 ya greni 150 inatosha kabisa, na uzuri wake ni kwamba ni nadra kuikosa katika duka la risasi. Hizi zote mbili ni fupi. Ganda pamoja na risasi ni milimita 71 hivi, wakati .30-06 inafika milimita 85 hivi, na kwa sababu hiyo mwili wa bunduki na komeo lake vinaweza kufanywa vifupi, gramu kadhaa zikaokolewa bila kupunguza chochote cha maana. Msikubali kuuziwa .300 Winchester Magnum katika bunduki nyepesi. Ni risasi nzuri ya mbali, ila katika kilo 3 itakupiga hadi uichukie.

Mkwe wako huenda atataka kufunga kipunguza mlio kwenye mdomo wa mtutu, kwa kuwa katika nchi hiyo ni kitu halali na cha kawaida. Akubaliwe, maana hupunguza teke na huokoa masikio, lakini uzito wake, ambao mara nyingi ni gramu 300 hadi 500, uingie kwenye ile hesabu ya mizani, na mtutu uwe wa sentimita 50 au chini kidogo ili bunduki isiwe ndefu kama mwichi.

Sasa komeo na kufuli ya usalama, ambavyo katika milima ni muhimu kuliko jina la kampuni. Tafuteni bunduki ambayo kufuli yake, ikiwa imefungwa, hulizuia pia komeo lisifunguke, kwa sababu vichaka vya milimani hushika mkono wa komeo na kuuinua, nawe ukadhani una risasi tayari kumbe imeshadondoka bondeni. Na pamoja na kufuli hiyo, pandeni chemba ikiwa tupu. Risasi zikae kwenye magazini, na moja iingizwe pale tu mnapokuwa mmekwisha kumwona mnyama na miguu imetulia. Mtu akiteleza kwenye mawe yenye utelezi, mkono wake haukumbuki sheria yoyote. Ndiyo maana chemba iwe tupu kabla hajateleza. Mwenzako atakuwa mbele yako au nyuma yako kwenye njia nyembamba, naye ni mume wa binti yako.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa nchi ya tambarare huwa hatulijui mpaka litukute. Mvuto wa dunia huishusha risasi kwa kadiri ya umbali ulio sawa na ardhi, wala si kwa urefu wa mteremko wenyewe. Mnyama aliye mita 300 kutoka kwako kwenye mteremko wa nyuzi 30 hulengwa kana kwamba yuko mita 260, na aliye mita 200 kwenye mteremko mkali wa nyuzi 45 hulengwa kana kwamba yuko mita 140. Asiyelijua hili hupitisha risasi juu ya mgongo wa mnyama, akiwa analenga chini bondeni au juu kileleni, ni mamoja. Ukiiweka bunduki yako ipige sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100, itakuwa sawasawa na alama karibu na mita 200, na mpaka hapo hutahitaji hesabu yoyote zaidi ya kulenga bega. Kupita mita 200, mzee mwenzangu, sogea karibu. Huko milimani kuna mawe na mabonde ya kujificha kuliko kwetu.

Ukifika pa kupigia, usisimame wala usipige goti kama nilivyofanya mimi. Vua begi la mgongoni, liweke juu ya jiwe, lala nyuma yake na ulaze sehemu ya mbele ya kitako juu ya begi. Mtutu wenyewe usiguse jiwe, kwa sababu ukiguswa huruka na kupeleka risasi kwingine. Kisha subiri. Vuta pumzi kumi. Ayala asiyekuona atakusubiri, na aliyekuona alikwisha kwenda.

Mitutu ya bunduki nyepesi ni myembamba na hupata moto upesi. Baada ya risasi ya tatu mfululizo alama huanza kutawanyika. Hilo lisikutishe porini, ambako risasi ya kwanza ndiyo kazi, ila siku ya kurekebisha darubini piga tatu, uache mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja, ndipo uendelee. Na mafuta: sisi huku hupaka kwa wingi, lakini kwenye baridi ya theluji mafuta huganda ndani ya komeo na pini inayofyatua risasi hugonga kivivu. Futa ndani ya komeo hadi pakauke.

Usisafiri na bunduki ya marehemu. Makaratasi ya kuitoa na kuirudisha ni mengi, na New Zealand hutoa leseni ya silaha ya muda kwa wageni, ambayo huombwa polisi kabla ya safari. Kibali cha kuwinda katika ardhi ya umma hutolewa na idara yao ya uhifadhi, naye mkwe wako bila shaka anaijua njia. Kuanzia sasa hadi Machi, chukua gongo zito la kilo 3.5, litie kamba, liweke begani, upande nalo vilima vya Heru Juu mara mbili kwa wiki. Magoti yatakuambia mapema kama hesabu yangu ni sahihi.

SWALI: Shikamoo mzee. Ninayo bunduki ya .30-06 iliyosajiliwa kwa jina langu, mtutu wake una sentimita 61 na ni nzito. Fundi mmoja ameniambia anaweza kukata sentimita 10 za mtutu ili iwe nyepesi. Nikubali? (Msomaji, Sikonge)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali.

Kwanza, bunduki hiyo imesajiliwa kwa maelezo yake, na hakuna chuma chake kinachopaswa kuguswa kabla hujazungumza na polisi wanaotunza usajili wako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezewa. Pili, fundi wa kuchomelea mageti hana chombo cha kuusawazisha mdomo wa mtutu, na mdomo ukiwa na kasoro ya unene wa unywele, moshi hutoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi. Tatu, faida yenyewe ni ndogo mno. Sentimita 10 za ncha ya mtutu wa kawaida ni chuma cha gramu 100 hivi, na kwa gramu hizo utakuwa umeipunguzia risasi mwendo wa mita kama 30 kwa sekunde, pamoja na kujiongezea mlio.

Angalia kwingine. Wewe hubeba risasi ngapi? Wengi wa hapa kwetu hubeba pakiti nzima ya ishirini kwenye mkanda, na ishirini za .30-06 ni zaidi ya nusu kilo. Leseni yako ni ya wanyama wangapi? Beba sita. Ukiwa na darubini kubwa ya kizamani na vishikio vya chuma, badili kwa ndogo ya kukuza mara mbili hadi saba, utaokoa gramu nyingine 200 au zaidi. Hapo umepata zaidi ya mara tano ya kile ambacho fundi angekupa, na bunduki ni nzima.

Kwa kuwa uko Sikonge nikukumbushe pia kwamba Ugalla imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, hivyo kabla ya kutoka nyumbani hakikisha na maofisa wa wanyamapori wa wilaya kwamba eneo lililoandikwa kwenye leseni yako halivuki mpaka huo.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni binti wa Ujiji, nasomea uhifadhi wa wanyamapori. Chuoni tulipigishwa bunduki kubwa, bega likavimba na darubini ikanichana juu ya jicho. Sasa naogopa, na bado nina mafunzo mbele yangu. Je, bunduki nyepesi ingenisaidia? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu, na pole kwa jeraha. Kuogopa baada ya kupigwa ni akili ya mwili, wala haina uhusiano na kuwa wewe ni msichana. Nimewaona wanaume wenye mabega mapana wakifumba macho yote mawili.

Bunduki nyepesi ya risasi ileile ingekuumiza zaidi, kama nilivyomweleza mzee wa Kasulu. Kinachokufaa ni risasi ndogo zaidi katika bunduki ya uzito wa kawaida. Omba mwalimu akuanzishe na .22, kisha .243, ambayo teke lake liko mbali chini ya lile la .308, nawe urudi kwenye kubwa pole pole. Lile jeraha juu ya jicho lina sababu mbili, na huenda zote zilikuwepo. Ya kwanza ni darubini iliyofungwa nyuma mno. Jicho linatakiwa liwe mbali nayo kwa sentimita 8 hadi 10, na ukilenga kuelekea juu ya mlima kichwa husogea mbele bila wewe kujua, kwa hiyo huko ndiko watu wengi huchanika. Ya pili ni kitako kirefu kuliko mkono wako. Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, weka mwisho wa kitako kwenye kunjo la ndani la kiwiko chako kilichopinda. Kidole cha shahada kikifika kwenye kifyatulio bila kunyooshwa sana, kitako kinakufaa. Kisipofika, mwambie mwalimu.

Mpira mnene mwishoni mwa kitako, na vizibo vya masikio kila mara, hata kwa .22. Nusu ya hofu huingia kwa masikio.

Halafu kuna zoezi ambalo halina mlio wala teke. Mbele ya mwalimu wako, bunduki ikiwa tupu na risasi zote zikiwa chumba kingine, lala chini, lenga alama ndogo ukutani, na mwenzako aweke sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu karibu na mdomo. Vuta kifyatulio pole pole hadi pini igonge. Sarafu ikianguka, anza tena. Siku itakapobaki juu mara kumi mfululizo, muombe mwalimu risasi tano za .243, si zaidi ya tano, kisha uniandikie zilipotua.